Miaka Saba ya Bibi

Bibi yangu mzaa mama, aliyeishi Pangani siku zake zote ghairi ya miaka michache ya ndoa aliyokaa Tanga mjini, alikuwa na kadi ya kitambulisho iliyosema kuwa alizaliwa tarehe 1 Julai 1932, nami niliiamini tarehe ile kwa muda mrefu kama nilivyoamini kila kitu kilichopigwa chapa, mpaka kazi yangu ya kukadiria umri wa watu kwa damu yao iliponilazimisha kuitilia shaka. Sikuitilia shaka kwa kumdharau bibi, wala karani aliyeiandika. Nilikuwa nimekwisha kudanganywa mara moja na hesabu zangu mwenyewe, na mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Nilikwenda Uingereza mwaka 2014 kusoma takwimu, nikiwa na shahada ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na dhamira ya kurudi nyumbani kuhesabu mavuno ya mahindi. Mwalimu niliyekabidhiwa hakuwa na haja na mahindi. Alinionyesha faili moja lililowekwa wazi kwa kila mtafiti, lenye habari za watu 656 wa Marekani waliotoa damu, mdogo wao akiwa na miaka 19 na mkubwa wao 101, na kila mmoja wao amepimwa mahali zaidi ya 450,000 katika DNA yake, akaniambia, "Ficha safu ya umri, kisha unieleze kila mtu ana miaka mingapi." Kompyuta mpakato niliyotoka nayo nyumbani ilikwama nilipojaribu kulifungua faili hilo, maana lilibeba tarakimu karibu milioni 300, na usiku ule nililala nikidhani nimepewa kazi ya kupiga ramli.

Yafaa nieleze kazi yenyewe, kwa kuwa haina ramli ndani yake. DNA ni andiko lenye herufi nne, nalo halibadiliki ila kwa nadra mtu anapokua na kuzeeka; lililo katika seli ya ini ndilo lililo katika seli ya ngozi. Kinachobadilika ni alama ndogo zinazokaa juu ya baadhi ya herufi, ziitwazo methili, yaani kaboni moja na hidrojeni tatu, ambazo aghalabu huishika sitosini pale inapofuatwa na guanini, na mahali pa namna hiyo katika mwanadamu ni karibu milioni 28. Mimi niliyesoma chuoni kwa maalim kabla ya kuingia shule sikuona taabu kulifahamu jambo hili, maana herufi za Kiarabu ni zile zile, lakini irabu zinazotiwa juu na chini yake ndizo zinazompa msomaji matamshi, na irabu ikihama au ikifutika neno husomwa vingine. Methili nazo ni miongoni mwa vitu vinavyoamua jeni ipi isomwe na ipi inyamazishwe. Na miaka inavyopita, mahali pengine huzidi kuvaa alama na pengine huvuliwa, kwa utaratibu unaofanana sana baina ya mtu na mtu.

Njia iliyofungua mlango wa kuzisoma alama hizo ilitolewa mwaka 1992 na Marianne Frommer pamoja na wenzake huko Australia. DNA hutiwa katika dawa ya baisalfaiti, na sitosini iliyo tupu hugeuka kuwa urasili, ilhali ile iliyovaa methili husalimika, hata anayesoma baadaye akatambua ipi ilikuwa na alama na ipi haikuwa nayo. Katika vipimo nilivyovikuta mimi, kazi hiyo ilifanywa juu ya kibao cha kioo chenye nafasi 12, nafasi moja kwa kila mtu, na kila mahali palipopimwa palipata nambari moja kati ya 0 na 1. Ukiona 0.62, fahamu kuwa katika nyuzi za DNA zilizopimwa pale, karibu 62 katika kila 100 zilikuwa na alama. Pana jeni iitwayo ELOVL2 ambayo nambari yake hupanda tangu utotoni hadi uzeeni, na nilipoichora mara ya kwanza, nukta 656 zikapanda kutoka kushoto kwenda kulia kama ngalawa zinazofuatana kuingia mlango wa mto Pangani jioni, nilinyanyuka kitini.

Lakini jeni moja haitoshi, na mahali 450,000 ni pengi mno. Mwenye watu 656 na mahali 450,000 ni kama kadhi mwenye kesi chache na mashahidi wengi wasiohesabika: hatakosa kamwe kundi la mashahidi wa kumwambia lile analotaka kulisikia, na kesho, kesi mpya ikiletwa, kundi lile lile halitajua la kusema. Dawa ya maradhi hayo ilitolewa na Hui Zou na Trevor Hastie mwaka 2005, nao waliifananisha na wavu wa kuvulia unaovutika, unaobakiza samaki wakubwa. Mfano huo ulinipendeza kuliko mingine yote niliyoisoma katika fani hii, kwa sababu mjomba wangu alikuwa mvuvi wa jarife, na nilipokuwa mtoto nilikaa naye mchangani kushona macho yaliyochanika, nikajifunza kuwa upana wa jicho ndio unaoamua nini kirudi nyumbani. Katika hesabu, upana wa jicho ni ushuru. Kila mahali panapotaka kuingia katika kanuni hutozwa kwa uzito wake, na pasipoongeza maarifa hushindwa kulipa, pakaachwa kwa uzito wa sifuri, ilhali pale panapokwenda pamoja kama ndugu hugawana uzito badala ya mmoja kumfukuza mwenziwe. Na ushuru uwe kiasi gani? Hujulikana kwa kuwaficha baadhi ya watu, kuitengeneza kanuni kwa waliobaki, kisha kuijaribu kwa wale waliofichwa.

Kwa wavu huo huo Steve Horvath, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, alitengeneza mwaka 2013 saa iliyomtia sifa ulimwengu mzima. Alikusanya sampuli 8,000, aghalabu zilizopimwa na watu wengine kwa makusudio mengine, za namna 51 za nyama na seli za mwili. Akachukua mahali 21,369 palipopimwa katika aina zote mbili za vibao vilivyokuwapo. Na wavu ukamwachia 353 tu, 193 panapopanda kwa umri na 160 panaposhuka. Kanuni moja hiyo ilisoma damu, ubongo, ini na mate, na katika nusu ya sampuli alizozijaribia haikupotoka zaidi ya miaka 3.6. Seli za kiinitete zilisomeka karibu na sifuri. Aliona pia kuwa saa hii hukimbia mno kabla ya utu uzima kisha hutulia, akaipindisha hesabu ya umri katika miaka 20 ili ifuate mwendo huo. Mwaka ule ule Gregory Hannum na wenzake walitoa saa ya damu yenye mahali 71, nao ndio waliowapima wale watu 656 wa faili langu. Nimesoma kazi nyingi za fani hii tangu hapo, na hukumu yangu haijabadilika: kazi ya Horvath ni katika zilizo bora za zama zetu, kwa kuwa ilijengwa juu ya daftari za watu wengine walioandika kwa uaminifu bila ya kujua zitatumiwaje.

Kosa langu lilikuja mwaka wa pili. Maabara moja, ambayo sina haja ya kuitaja, ilitupa vipimo vya watu mia tatu na ushei, nami nikatengeneza saa yangu mwenyewe. Niliwaficha watu kama nilivyofundishwa, nikaijaribu, na kosa lake likawa chini ya miaka miwili. Nilimpigia simu mama kumwambia kuwa mwanawe amepata jambo kubwa. Siku ya pili mwalimu alisikiliza maelezo yangu mpaka mwisho, akatazama mchoro, kisha akauliza kwa upole swali moja tu: "Wazee walikaa sahani gani?"

Sikujua, wala sikuwa nimeuliza. Sampuli humiminwa kwanza katika sahani ya plastiki yenye vishimo 96, safu nane kwa kumi na mbili, kabla ya kupelekwa kwenye vibao, na kila sahani hufanyiwa kazi kwa siku yake. Nikafungua orodha ya sahani jioni ile na kuona lililotokea kwa uwazi unaotia fadhaa hata leo: zahanati iliyotoa damu ilikuwa imewapanga watu kwa umri, na mwenye kumimina alifuata orodha, kwa hiyo sahani ya kwanza ilibeba wazee watupu, ya nne vijana watupu, na baina ya sahani na sahani palipita siku, mikono na chupa za dawa tofauti. Saa yangu haikusoma uzee. Ilisoma sahani. Kuwaficha watu hakukunisaidia kitu, maana waliofichwa walitoka katika sahani zile zile pamoja na walioachwa, na dalili ya sahani waliibeba wote. Nilipoipeleka saa yangu kwa wale Wamarekani 656, ilibahatisha kama kipofu sokoni.

Miezi minane ya kazi ilipotea. Ziko programu zinazoweza kuiondoa athari ya sahani, na zinafaa sana pale ambapo kila sahani ina mchanganyiko wa watu. Lakini pale ambapo sahani na umri vimefungamana, ukiiondoa sahani umeuondoa na umri, na hakuna hisabati duniani iwezayo kuvitenga vitu viwili ambavyo mkono wa mwanadamu umevifanya kimoja. Dawa yake ni rahisi hata inatia huzuni: changanya kabla ya kumimina. Tangu mwaka ule, kila kazi ninayoshiriki, huwa nimekaa mezani na wenzangu kabla ya friza kufunguliwa, tukiziandika namba za sampuli na kuzipiga kura, mzee karibu na kijana, mgonjwa karibu na mzima. Na faili likirudi, jambo langu la kwanza ni kulichora kwa rangi za sahani, kabla sijagusa safu ya umri.

Nilijifunza na jambo jingine ambalo sitalieleza kwa kirefu. Damu si kitu kimoja, bali ni jamii ya seli za kabila mbalimbali, na katika uzee baadhi ya makabila hayo hupungua, hususan zile seli za T ambazo hazijapata kukutana na adui. Kwa hiyo saa ya damu inaweza kuonyesha kuwa mtu amezeeka, kumbe imehesabu tu sensa ya seli zake. Eugene Houseman na wenzake walionyesha mwaka 2012 jinsi ya kuikadiria sensa hiyo kwa methili zenyewe, na mtu asiyefanya hivyo asiseme habari ya kuzeeka kwa seli.

Nilirudi nyumbani mwaka 2018, nikaungana na kikundi kidogo kilichokuwa kikichukua damu katika vijiji vya pwani, kwa dhana yenye haki kabisa kuwa saa zilizorekebishwa kwa watu wa Ulaya na Marekani hazina budi kujaribiwa kwa watu wetu. Tayari Shyamalika Gopalan na wenzake walikuwa wamechapisha mwaka 2017 uchunguzi wa mate ya Wabaka wa Cameroon na Wasan wa Afrika Kusini, na kuonyesha kuwa mwenendo wa methili kwa umri unajirudia katika watu wa asili mbalimbali. Nikafurahi kuona daftari la kijiji cha kwanza. Nikalifungua, nikapitisha kidole katika safu ya umri: 60, 65, 70, 60, 75, 70, 65, 80. Wenye 63 walikuwa haba, wenye 67 haba, na wenye 71 hawakuwapo. Wataalamu wa sensa wanaujua ugonjwa huu na wana kipimo chake, kiitwacho kipimo cha Whipple, ambacho husoma 100 pale ambapo watu hawaelemei sifuri na tano, na 500 pale ambapo kila umri umeishia katika tarakimu hizo mbili. Wanaosoma DNA, mimi nikiwa mmoja wao, hatukuwa tumefundishwa kuuliza.

Na hapo ndipo nilipotambua uzito wa jambo hili. Faida kubwa inayotafutwa katika saa hizi si umri wenyewe, maana umri mtu anaweza kuulizwa. Faida ni tofauti iliyopo baina ya umri uliosomwa katika damu na umri ulioandikwa, ambayo watafiti huifanya dalili ya mwili unaochakaa haraka au unaohimili. Mama mmoja ameandikwa miaka 75, na damu yake imesomeka 66. Je, mwili wake una neema ya miaka tisa, au karani alimtazama mikono yenye makunyanzi ya jembe akamwongezea miaka? Saa haiwezi kujibu, maana yenyewe ilifundishwa kwa umri ulioandikwa, na kwake yeye kosa la mwili na kosa la kalamu ni kosa moja. Tukimchapisha mama yule kama ajabu ya maumbile, tutakuwa tumerudia kosa langu la sahani, safari hii juu ya migongo ya watu wasio na uwezo wa kutujibu.

Nilikwenda Pangani Ijumaa iliyofuata. Nilimkuta bibi barazani akichambua mchele katika ungo. Nikamwamkia shikamoo, nikakaa mkekani, na baada ya kuulizana habari nikamwomba anionyeshe kadi yake. Nikamuuliza alijuaje mwaka wake.

"Mimi sikusema mwaka, mwanangu," alinijibu. "Kwetu miaka haikuwa ikiandikwa. Yule kijana aliniuliza nina wajukuu wangapi na mkubwa wao ana umri gani, akaandika mwenyewe."

Nikamuuliza basi anakumbuka nini cha mbali kabisa. Aliuweka ungo chini. Akasema anakumbuka siku mjomba wake aliporudi kutoka vita vya Burma, amevaa koti zito la kijeshi katika jua la adhuhuri, akamwinua juu na kumcheka kwa sababu alikuwa kibogoyo: meno yake mawili ya mbele, ya juu, yalikuwa yametoka na mapya hayajaota. Alilia kwa haya, na mjomba akampa kipande cha sukari guru ili anyamaze. Nikaona nywele zikinisimama, maana cheti cha mjomba yule cha kuachishwa jeshi kipo mpaka leo katika kasha la familia, nami nilipata kukisoma nikiwa mtoto. Tuliliomba kasha lifunguliwe. Cheti kilisema 1946. Mtoto hung'oka meno yale ya mbele ya juu akiwa na miaka saba au karibu yake. Kwa hiyo bibi alizaliwa 1939 au jirani na mwaka huo, na kadi yake ilikuwa imemzeesha kwa miaka saba, karibu maradufu ya ile 3.6 ya saa ya Horvath. Koti la askari na mapengo ya mtoto vilikuwa ushahidi bora kuliko chapa.

Siku nyingi baadaye nilisoma kazi za watu wa Dunedin, New Zealand, nikaelewa kwa nini zilinivutia kuliko saa za 2018 na 2019, zile za PhenoAge na GrimAge, zinazolenga maradhi na mauti, ingawa nazo naziheshimu. Huko walichukuliwa watoto 1,037 waliozaliwa baina ya 1972 na 1973 katika mji mmoja, na wakafuatwa tangu utoto. Walipokuwa na miaka 26, 32, 38 na 45 walipimwa mambo 19 ya mwili, kama figo, mapafu, meno na shinikizo la damu, na mwendo wa kuchakaa kwao ukatiwa katika saa yenye mahali 173 iitwayo DunedinPACE, iliyotoka mwaka 2022. Umri wao wote ni mmoja na unajulikana kwa yakini, kwa hiyo tofauti inayobaki ni ya mwili. Mwaka huo huo ilichapishwa saa ya panya-fuko wasio na manyoya, wanaochimba ardhi ya Kenya, Somalia na Ethiopia na kuishi zaidi ya miaka 30, ikaonekana kuwa malkia wao huzeeka polepole kuliko wasiozaa. Nilisoma habari hiyo kwa furaha, kisha nikahuzunika, maana wanyama wale wa ardhi yetu, wanaofugwa katika maabara za ng'ambo, wana tarehe zao za kuzaliwa daftarini, na bibi yangu hakuwa nayo.

Katika fomu zetu za pwani niliomba iongezwe safu moja kando ya umri, yenye swali: umejulikanaje? Majibu yake ni cheti cha kuzaliwa, kadi, kadirio la karani, au tukio, na tukio lenyewe likaandikwa. Kazi ilichelewa, kwa kuwa mzee akianza kusimulia hawezi kukatizwa, na wapo walionung'unika kuwa foleni haisogei. Lakini tukaweza kuwatenga wenye umri wa yakini na wenye umri wa kudhania, na kuifundisha hesabu imwamini kila mtu kwa kadiri ya ithibati yake. Na haitakuwa hivi daima: Kilifi, tangu mwaka 2000, vizazi na vifo vya wakazi zaidi ya 200,000 vimekuwa vikiandikwa nyumba kwa nyumba, na watoto wa mwanzo wa daftari lile wamekwisha kupita miaka 20, pale ambapo saa ya Horvath huacha kukimbia na kuanza mwendo wa utu uzima.

Bibi alifariki mwaka 2021. Damu yake haikuchukuliwa, maana hakuwa katika kijiji chochote cha utafiti wetu. Wewe kijana utakayekaa kwenye meza ya kupimia damu, na mzee amesimama mbele yako na kadi mkononi, muulize mwaka wake aliujuaje, umngoje amalize, na jibu lake uliandike.